Kiwewe cha mfungamano

Kiwewe cha mfungamano ni jeraha la kihisia ambalo mtoto hulipata ndani ya uhusiano wake na mtu anayemlea, hasa katika miaka ya kwanza ya maisha. Linaweza kutokana na ukatili, kutelekezwa, kutenganishwa na mlezi kwa muda mrefu, au kulelewa na mtu anayemtisha. Tofauti na kiwewe kinachosababishwa na ajali au tetemeko la ardhi, hapa chanzo cha hofu ni mtu yuleyule ambaye mtoto alipaswa kumkimbilia anapoogopa. Ndiyo maana tiba yake hutegemea sana uhusiano kati ya mtaalamu na mtu anayetibiwa, wala haitoshi kusimulia yaliyopita peke yake.

Jina hili halimo katika orodha rasmi za magonjwa. Wataalamu hulitumia kueleza chanzo cha matatizo ambayo yanaweza kuonekana kwa sura nyingi, kama vile huzuni ya kudumu, hasira za ghafla, au ugumu wa kuamini watu.

## Historia

Msingi wa dhana hii ni nadharia ya mfungamano ya John Bowlby (26 Februari 1907 – 2 Septemba 1990), daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi juu ya vijana 44 waliokuwa wezi. Aliona kwamba wengi kati ya wale wasioonyesha upendo kwa mtu yeyote walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Mwaka 1951 aliandika ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu malezi na afya ya akili ya watoto waliokosa familia.

Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwatembelea watoto waliolazwa kwa nadra tu. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na Bowlby, alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa kwa siku nane bila mama yake. Filamu hiyo ilichangia kubadilisha taratibu hizo.

Bowlby alieleza nadharia yake kwa ukamilifu katika vitabu vitatu vilivyotoka miaka 1969, 1973 na 1980. Alifundisha kwamba mtoto hushikamana na mlezi si kwa sababu ya chakula tu, bali kwa sababu ukaribu humpa usalama.

### Utafiti nchini Uganda

Uchunguzi wa kwanza wa nadharia hii majumbani ulifanyika Afrika ya Mashariki. Mary Ainsworth (1 Desemba 1913 – 21 Machi 1999), mwanasaikolojia wa Marekani na Kanada, aliishi Kampala katika miaka 1954-1955. Akisaidiwa na mkalimani, alizitembelea mara kwa mara familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akawafuatilia watoto wachanga 28.

Aliona jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama kuchunguza vitu, kisha anamrudia au kumtazama ili ahakikishe yupo. Aliona pia kwamba mama walioweza kueleza habari za watoto wao kwa undani ndio waliokuwa na watoto wenye utulivu zaidi. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

## Aina za mfungamano

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth alibuni jaribio la dakika 20 hivi. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi huachwa kidogo na mama katika chumba kigeni, kisha mama anarudi. Kinachoangaliwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi:

* Mfungamano salama: mtoto anaweza kulia mama anapoondoka, lakini anamwendea anaporudi, anatulia na kuendelea kucheza.
* Mfungamano wa kukwepa: mtoto anaonekana kutojali. Hata hivyo, vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha kwamba ndani yake ana msongo.
* Mfungamano wa wasiwasi: mtoto anamng'ang'ania mama na wakati huohuo anamkasirikia, wala hatulii kwa urahisi.
* Mfungamano uliovurugika: mtoto hana njia moja ya kutafuta faraja. Anaweza kumwendea mama huku ameugeuza uso, au kuganda ghafla.

Aina ya nne iliongezwa na Mary Main na Judith Solomon katika miaka ya 1980. Ndiyo inayohusiana zaidi na kiwewe, kwa sababu mtoto anasukumwa na mambo mawili yanayopingana: kumkimbilia mlezi na kumkimbia. Aina mbili za katikati si ugonjwa, bali ni njia za kujizoesha na mlezi aliyepo.

## Athari

Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Anajifunza kufanya hivyo baada ya kutulizwa na wengine mara nyingi. Akikosa msaada huo, mwili wake huzoea kukaa katika hali ya tahadhari, au huzima hisia kabisa.

Ushahidi mkubwa umetoka Romania, ambako maelfu ya watoto walikutwa katika vituo vya serikali baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka mwaka 1989. Utafiti ulioanza Bukarest mwaka 2000 ulihusu watoto 136 wa vituo hivyo. Nusu yao walichaguliwa kwa kura kupelekwa katika familia za kambo zilizoandaliwa. Waliopelekwa katika familia walijenga mifungamano salama zaidi kuliko waliobaki, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika zaidi.

Kwa watu wazima athari zinaweza kuwa hofu kubwa ya kuachwa, kukwepa ukaribu, kujiona hafai, au kuwa na hisia zinazobadilika haraka. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 inatambua tatizo changamano la msongo baada ya kiwewe, ambalo baadhi ya dalili zake ni hizo.

## Tiba

Mwaka 1992 Judith Herman, daktari wa Marekani, alieleza hatua tatu ambazo bado zinafuatwa na wataalamu wengi: kwanza kujenga usalama, pili kukumbuka na kuomboleza, tatu kurudi katika maisha na mahusiano ya kawaida. Kuharakisha hatua ya pili kunaweza kumrudisha mtu katika hofu ileile.

### Watu wazima

Mtu aliyeumizwa na mlezi huja kwa mtaalamu akitarajia kuumizwa tena. Kwa hiyo mambo yanayoonekana madogo yana uzito: kuanza kwa wakati, kutimiza ahadi, na kutangaza likizo mapema. Hata hivyo kutoelewana hakuepukiki. Mtaalamu akichelewa au akikosea neno, mteja anaweza kunyamaza au kuacha kuja. Kazi ya mtaalamu ni kuligusia jambo hilo, kukubali sehemu yake na kulitengeneza pamoja na mteja. Kwa wengi huo huwa uzoefu mpya wa kuona kwamba ugomvi haukuvunja uhusiano.

Njia mojawapo, iliyoanzishwa na Peter Fonagy na Anthony Bateman nchini Uingereza, humsaidia mtu kufikiri juu ya yaliyomo moyoni mwake na mwa wengine kabla ya kutenda.

### Watoto

Mtoto mdogo hatibiwi peke yake, bali pamoja na mlezi wake. Selma Fraiberg wa Marekani alionyesha mwaka 1975 kwamba mzazi asiyekumbuka maumivu ya utoto wake anaweza kuyarudia kwa mtoto wake bila kujua. Mzazi akisaidiwa kuyahisi tena maumivu yake, huanza kukisikia kilio cha mtoto. Lakini mtoto akiwa bado katika hatari, jambo la kwanza ni ulinzi.

### Njia hatari

Baadhi ya watu wamedai kutibu mfungamano kwa kumshika mtoto kwa nguvu au kumfunika mpaka akubali kutii. Mwaka 2000 msichana wa miaka 10 alikufa kwa kukosa hewa katika zoezi la namna hiyo huko Colorado, Marekani. Mwaka 2006 jopo la wataalamu wa Marekani wa masuala ya ukatili dhidi ya watoto lilipendekeza njia za kulazimisha zisitumike. Kumtisha mtoto ni kurudia kilekile kilichomjeruhi.

## Utamaduni

Nadharia hii imelaumiwa kwa kumtazama mno mama peke yake. Kati ya Waefe wa msitu wa Ituri nchini Kongo, Edward Tronick na wenzake walikuta kwamba mtoto mchanga hubebwa na watu wengi kila siku. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki bibi, shangazi, mama wadogo na ndugu wakubwa hushiriki malezi. Mtoto anaweza kufungamana na watu kadhaa; linalohitajika ni wawe wachache wa kutosha kumfahamu, na wadumu. Kituo ambako wahudumu hubadilishana kwa zamu hakitoi hilo kwa urahisi. Ni sababu mojawapo ya nchi kama Rwanda na Kenya kuwa na mipango ya kuwahamishia watoto wa vituoni katika familia.

## Matarajio

Methali husema "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", lakini utafiti hauonyeshi kwamba utoto ni hukumu ya mwisho. Wapo watu wazima waliolelewa vibaya ambao wanaweza kuyasimulia maisha yao kwa utulivu na uwazi, na watoto wao huwa na mfungamano salama. Mara nyingi katika historia yao kuna mtu mmoja wa kuaminika: bibi, mwalimu, mwenzi wa ndoa au mtaalamu wa tiba.

## Tazama pia

* Saikolojia
* Malezi
* Afya ya akili
* Haki za watoto