Rashidi Kawawa na Kiswahili cha Senema

Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, kwa mtu atokaye Kihurio chini ya milima ya Upare, iko milima ya Usambara. Huko, mahali paitwapo Vugiri, ilianzishwa mwaka 1935 kazi ya kutengeneza senema kwa ajili ya Waafrika. Hata ilipokoma mwaka 1937, picha 35 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Nyingi zilikuwa picha bubu. Maneno yalitiwa katika santuri, kwa lugha ya watazamaji. Kiswahili, basi, kilifuata nyuma ya picha. Hakikutoka kinywani mwa mchezaji.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Serikali ya Tanganyika ilipowapa mafundi wa Afrika Kusini kazi ya kutengeneza michezo ya senema kwa Kiswahili. Mchezaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, aliyesoma Tabora, naye alikuwa mtumishi wa Serikali. Katika Muhogo Mchungu alicheza mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam asiyejua hila za mjini.

Wapo waonao kwamba michezo hiyo ilikuwa chombo cha watawala, na kwamba maisha ya Kawawa yenye maana huanzia katika siasa. La kwanza lina kweli: fedha na kamera havikuwa vyake. Lakini sauti ilikuwa yake. Mzawa wa Ungoni alisema maneno ambayo Mpare wa Kihurio, asemaye Chasu nyumbani kwake, angeliyafahamu na kuyacheka pasipo mkalimani. Ustadi huo hakukopeshwa na mtawala.

Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Makuli, watumishi wa nyumbani na vibarua wa mkonge walikuwa watu wa makabila mengi. Hapana lugha nyingine iliyoweza kuwakusanya. Tarehe 22 Januari 1962 akawa Waziri Mkuu, na tangu 1964 hata 1977 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Kwa hiyo atakayeandika historia ya Kiswahili asiihesabu senema hiyo kuwa mchezo wa ujana tu. Kabla Kawawa hajawaita watu kwa lugha hiyo, alikwisha kuwachekesha kwayo.