Wikendi nyumbani Bukavu: kitunga cha migomba na raha za kila majira

Kwa Swahili ya Kivu, wikendi iko na majina yake: siku ya posho na siku ya yenga. Neno posho linakumbusha chakula chenye wafanyakazi wa zamani walikuwa wanagawiwa kila juma. Leo, kwa familia nyingi za Bukavu, siku hizo mbili ndizo zinabaki kwa kazi ndogo za nyumbani, kwa mapishi yenye kuomba wakati, na kwa kukaa pamoja na watoto. Mvua ikinyesha, umeme ukikatika na pesa ya kutembea ikikosekana, watu wanabaki ndani. Hapo mikono inatafuta kazi.

Kazi moja yenye kufaa ni kusuka kitunga cha soko kwa maganda ya migomba. Haiombi mashine wala pesa nyingi. Lakini iko na wakati wake: vifaa vinatafutwa kiangazi, kitunga kinasukwa wakati wa mvua. Na chakula chenye kuliwa pembeni ya kazi hiyo, mahindi, sambaza ao senene, nacho kinafuata majira.

Siku mbili, kila moja na mwendo wake

Siku ya posho asubuhi, fasi nyingi iko salongo, kazi ya pamoja yenye watu wamezoea tangu wakati wa Mobutu: kufagia barabara, kuzibua mifereji, kukata majani. Kisha mama wengi wanaenda soko, Kadutu ao Nyawera, na nguo zinafuliwa kama maji yamefika. Kazi ya mikono inaanza saa nane ya mchana hivi, wakati mvua imezoea kuanguka. Kwa Waadventista, siku ya posho ni ya ibada na mapumziko, kwa hiyo kazi kama hizi wanaziweka siku ya yenga. Kwa wengine wengi, siku ya yenga ni ya misa ao ibada asubuhi, kisha chakula kizuri na wageni.

Kuna faida ya kugawa kazi kwa siku hizi mbili. Kusuka kunaweza kusimamishwa na kurudiliwa. Mtu anasuka mita moja, anaenda kuangalia maharagi kwenye mbabula, anarudi. Watoto nao wanaingia na kutoka.

Kwa nini kitunga

Zamani mama aliyeenda soko alibeba kitunga. Kisha sashe za plastiki zikaingia kila fasi: moja ya chumvi, moja ya sombe, moja ya nyanya. Serikali ya Kongo iliandika dekreti tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Hata hivyo sashe zingali sokoni.

Kwa wakaaji wa Bukavu, jambo hili halihusu usafi tu. Muji umejengwa kwenye milima yenye kushuka mpaka Ziwa Kivu. Mvua ikinyesha, sashe na chupa zenye kutupwa Kadutu ao Ibanda zinashuka na mifereji, zinapita katika mto Kawa, zinafika ziwani. Maji ya ziwa yanatoka kwa mlango mmoja tu, mto Ruzizi, wenye unaanzia palepale Bukavu na kwenda mpaka Ziwa Tanganyika. Juu ya mto huo, karibu na muji, ndipo kuna kituo cha umeme cha Ruzizi ya kwanza, chenye kufanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Takataka zinakusanyika mbele ya kituo na kuziba njia ya maji, na mara zingine inaomba mashine isimamishwe ili isafishwe. Ni kusema: sashe yenye ilitupwa juu ya mlima inaweza kurudi nyumbani kama giza.

Kitunga kimoja hakiwezi kumaliza shida hiyo. Lakini mtu mwenye kwenda soko mara mbili kwa juma na kurudi kila mara na sashe tano anaokota sashe zaidi ya 500 kwa mwaka. Hesabu hiyo kila nyumba inaweza kuifanya yenyewe.

Kutafuta maganda ya mugomba bila kuharibu shamba

Maganda yanatafutwa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa sababu wakati huo yanakauka vizuri juu ya mti wenyewe. Yenye kufaa ni yale ya inje ya shina, yenye rangi ya kahawia, yenye yanajitenga pekee. Yanavutwa kwa mkono, toka juu kwenda chini. Mugomba wenye ulishatoa kichala na kukatwa ndio unafaa zaidi.

Hapa kuna angalisho kubwa. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umeenea katika Kivu yote mbili. Unapita kwa visu na panga: mtu anakata mugomba mgonjwa, kisha anakata mzima kwa chuma kilekile, na ugonjwa unahama. Dalili zake ni majani kugeuka manjano na kunyauka, ndizi kuiva mbele ya wakati na kuoza ndani, na maji mazito ya manjano kutoka mahali shina limekatwa. Kwa hiyo:

- Usichukue maganda kwenye shamba lenye dalili hizo.
- Vuta kwa mkono. Usikate shina la mugomba mzima.
- Kama panga imetumika, ipitishe kwenye moto mpaka ipate joto kali, ao isafishe kwa javeli, mbele ya kugusa mugomba mwingine.
- Omba ruhusa ya mwenye shamba. Kwa nyumba nyingi za Kabare na Walungu, mugomba ndio pesa ya shule.

Wengine wanapenda matete, mafunjo ya mabonde ao mwanzi. Vyote vinasukwa. Lakini mwanzi usikatwe ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega: ni parke ya taifa tangu 1970, na kukata miti humo ni kosa. Na kama bonde liko mbali ao usalama haueleweki, ni afazali kubaki na maganda ya karibu na nyumba. Kwa hilo migomba inashinda matete.

Maganda yakifika nyumbani yanaanikwa kivulini siku chache, kisha yanafungwa mafungu na kutundikwa juu ya fasi ya kupikia. Moshi unafukuza vidudu na unyevu. Hivyo yanaweza kungoja mpaka mvua za mwezi wa kumi.

Namna ya kusuka

Kuna vitunga vya namna nyingi, na vile vya mafundi vinaomba miaka ya mazoezi. Hiki cha hapa ni cha mkanda wenye kusukwa kama nywele. Mtu mwenye anajua kusuka nywele tayari anajua nusu ya kazi.

1. Lowanisha maganda kidogo, yafunike kwa kitambaa kibichi muda wa nusu saa. Yakiwa makavu sana yanavunjika. Yakilowa sana kitunga kitaota ukungu.
2. Pasua vipande vya upana wa vidole viwili. Kunja kila kipande kwa urefu wake ili kiwe na nguvu.
3. Funga vipande vitatu pamoja na anza kusuka. Kipande kikielekea kuisha, ingiza kipya chini yake. Usiache vitatu viishie fasi moja, maana hapo ndipo mkanda utakatika.
4. Endelea mpaka kupata mkanda wa mita 10 hivi, wenye upana wa sentimita 2 na nusu. Mita 2 ni za kitako cha kitunga chenye upana wa sentimita 25. Mita 8 ni za ukuta wa urefu wa sentimita 25. Ongeza mita 2 kwa mikono miwili ya kubebea.
5. Zungusha mkanda kama konokono na kuushona kila duara na lenye kutangulia. Sindano ya magunia inatosha. Uzi unaweza kutoka katika gunia la plastiki lenye lilichakaa: unafumuliwa, unasokotwa mbili mbili.
6. Kitako kikifika kipimo, simamisha mkanda juu ya duara la mwisho na endelea kupanda. Ukivuta uzi sana, kitunga kitafunga mdomo kama chungu. Ukilegeza, kitafunguka kama lungo.
7. Mikono ya kubebea isishonwe mdomoni tu. Ishuke ukutani mpaka karibu na kitako. Kilo tano za viazi zinavuta kwa nguvu.

Kwa mtu mwenye hajazoea, kazi hii inachukua wikendi mbili ao tatu. Mtoto wa miaka nane anaweza kusuka mkanda. Kushona kunaomba mkono wa mukubwa. Mwenye hataki kufika mbali anaweza kusimama kwenye kitako: tayari ni kitu kizuri cha kutelemushia chungu cha moto mezani.

Ndani ya kitunga, wengine wanashona vipande vya kikwembe vyenye vilibaki kwa fundi wa nguo, ili unga na maharagi visipenye. Kitunga kikilowa mvua, kinaanikwa kivulini. Kikitunzwa hivyo kinadumu.

Na kama mtu anataka kuuza, ahesabu kwanza saa zenye alitumia. Wengi wanauza kitunga kwa bei ya uzi tu, kisha wanasema kazi ya mikono hailipi.

Chakula chenye kufuata kazi

Mahindi mabichi yanafika mara mbili kwa mwaka: kwenye mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, kwa mbegu zenye zilipandwa mwezi wa tisa; kisha kwenye mwezi wa tano na wa sita. Kabla ya kununua, mama wanachoma punje kwa ukucha. Maziwa yakitoka, ni ya kuchoma ao ya kuchemsha. Punje ikikataa ukucha, ni ya kinu. Kwenye mbabula, wengine wanaacha ganda moja la mwisho: mahindi yanaiva kwa mvuke wake na hayaungui haraka.

Sambaza hazifuati mvua, zinafuata mwezi wa angani. Samaki hizi ndogo zilitoka Ziwa Tanganyika na kuwekwa Ziwa Kivu mwaka 1959. Wavuvi wanazivua usiku kwa taa, na wanaimba wakati wa kupiga makasia. Sambaza zinakuja kwenye mwangaza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa inapoteza nguvu na mavuno yanapungua. Usiku wa giza ndio wa baraka. Kwa hiyo mtu mwenye kupanga sambaza za siku ya yenga aangalie anga mbele ya kuangalia mfuko. Zinakaangwa mpaka zikauke, kisha kitunguu, nyanya, pilipili kidogo, na bugali ya moto.

Senene zinakuja mara nyingi mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, hasa upande wa Kivu ya Kaskazini. Kuzitoa mabawa na miguu ni kazi ya nyumba nzima kuzunguka lungo, na hapo ndipo hadisi na vitendawili vinapata nafasi. Zinakaangwa kwa mafuta yake zenyewe, na chumvi.

Jambo moja la kukumbuka wakati wa mvua: mbabula yenye makala inaua ikifungiwa ndani. Makala inatoa hewa yenye haina harufu wala rangi, na mtu analala bila kujua. Pikia barazani ao acha dirisha na mlango wazi, na usilale na mbabula chumbani juu ya baridi.

Watoto na vyombo vyao vya kuchezea

Watoto wa Kivu ni mafundi tayari. Wanatengeneza mpira kwa sashe zenye kuviringishwa na kufungwa kamba, gari kwa waya na vifuniko vya chupa, na chukudu ndogo kwa mbao, kama zile kubwa zenye kubeba mizigo Goma. Mzazi anaweza kuwapa makasi, uzi, na saa moja ya kukaa nao.

Lakini waya na vyuma vya gari zao vinatoka wapi? Katika vijiji na kartye zenye vita ilipita, watoto waelezwe wazi: chuma chenye hukijui hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakiletwi nyumbani. Mtoto akiona kitu kama hicho, arudilie njia yenye alikujia na kuita mukubwa.

Kalenda fupi

- Mwezi wa sita mpaka wa nane (kiangazi): kukusanya na kuanika maganda, matete na nyuzi; kumalizia mahindi mabichi.
- Mwezi wa tisa na wa kumi: mvua inarudi, mashamba yanapandwa, kuanza kusuka mkanda.
- Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili: senene; kushona vitunga vya soko la sikukuu.
- Mwezi wa kwanza: mahindi na maharagi mabichi, watoto wanarudi masomoni.
- Mwezi wa pili mpaka wa tano: mvua nyingi, kutengeneza vyenye viliharibika, kushona vikwembe ndani ya vitunga.
- Kila mwezi, usiku wa giza: sambaza.