Uhuru angani

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setelaiti ya Marekani yenye jina kavu la kiofisi: SAS-1. Leo ni wachache wanaoiita hivyo. Marjorie Townsend, mwanamama aliyeongoza mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji waliowapokea.

Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, lilikwisha kuvuma viwanjani kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Sasa likaingia katika elimu ya nyota, na halijatoka. Uhuru ndiyo setelaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisifike ardhini. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kutambua kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mwanafunzi wa Malindi anastahili kuyajua haya kabla hata ya habari za Apollo. Walimu, mwonyesheni majina ya vyanzo hivyo: vingi bado huanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru.