Sindano Katika Nchi ya Shaba

Tukitaja Nzilo watu hukumbuka boma la maji la mto Lualaba, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuipatia umeme mitambo ya shaba ya Kolwezi. Habari za shaba zimeandikwa sana. Leo tutazame chombo kidogo kuliko vyote: sindano.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilileta wanaume kwa mikataba mifupi. Mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili shauri, ikataka wafanyakazi wakae makambini pamoja na wake zao. Baadaye yakafunguliwa mafunzo ya wanawake, yaliyoitwa foyer, na masista wamisionari wakafundisha humo. Akina mama walijifunza kushona, kutia viraka na kutengeneza nguo za watoto. Kusudi lilikuwa mshahara wa mume utoshe nyumbani. Haikudhaniwa kwamba siku moja cherehani ya mke ndiyo ingelisha nyumba.

Siku hiyo ilifika. Mwaka 1967 serikali ilitwaa migodi, na kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya kuagwa. Mshahara ulipokoma, wanawake wengi walishuka mitoni kuosha mawe ya madini, watoto wakiwa mgongoni. Kazi hiyo huumiza mwili, na bei huisema mnunuzi.

Sasa tutazame soko la nguo kuukuu. Afrika ya Mashariki huitwa mitumba, kwa sababu huja katika marobota. Zambia huitwa salaula, neno la Kibemba la kupekua rundo na kuchagua. Si biashara ya jana: wakati wa ukoloni wachuuzi wa Rhodesia ya Kaskazini walivuka mpaka kuzinunua Kongo. Lakini katika kila robota zimo zisizotakiwa: kola imechakaa, goti limetoboka, zipu imeharibika.

Hapo ndipo fundi huanza. Hufumua mishono, hufua, hupiga pasi, hutenga sehemu zilizo nzima. Mgongo wa shati kubwa hutoa gauni la mtoto. Miguu ya suruali nene hutoa mfuko. Vipande hutoa mto. Kitambaa kipya chataka fedha ambayo mama hana. Kilichotupwa chataka zaidi mikono na akili.

Masista wa Mchungaji Mwema, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012, wamewafundisha wanawake na wasichana wa machimboni kazi mbalimbali, ushonaji ukiwamo. Jambo hili ni jema, nasi tujifunze kutokana na historia. Zamani sindano iliokoa mshahara wa mume. Leo yatakiwa kuleta mshahara wake yenyewe. Basi kushona peke yake hakutoshi. Mama ajue kuhesabu uzi, makaa ya pasi na siku zake za kazi, kisha ndipo ataje bei. Wenzake wasishone wote gauni la namna moja, wakagombea mnunuzi mmoja. Na cherehani iwe mali yao, kwa maana mwenye cherehani ya kuazima huamka hana kazi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Shaba imepita mikononi mwa wengi. Nguo kuukuu bado zipo mlangoni.