Mwanasiasa Aweza Kuichunguza Benki kwa Haki?

Leo tunauliza: wanasiasa waweza kuyachunguza makosa ya benki kwa haki? Sikilizeni habari ya Marekani.

Mwaka 1929 bei za hisa zilianguka huko New York. Hisa ni fungu la mali ya kampuni. Baadaye benki nyingi zilifungwa, na watu wakapoteza akiba zao. Mwaka 1932 Baraza la Seneti likaanza uchunguzi. Januari 1933 kamati yake ilimwajiri mwanasheria, Ferdinand Pecora. Yeye hakuwa mjumbe wa Baraza. Kwanza alivisoma vitabu vya hesabu. Kisha akawauliza wakubwa wa benki mbele ya watu wote.

Mambo yakafichuka. Benki ya J. P. Morgan ilikuwa na orodha ya marafiki. Mwaka 1929 iliwauzia hisa za kampuni moja kwa dola 20, na sokoni bei ilikuwa kama dola 35. Mmoja wao alikuwa William Woodin, ambaye mwaka 1933 alikuwa Waziri wa Fedha! Hapo ndipo penye hatari: kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Lakini jina la Waziri nalo lilitajwa hadharani. Mwaka huo huo sheria ikatenga kazi ya kuweka akiba na biashara ya hisa.

Basi, haki ilipatikana kwa sababu vitabu vilifunguliwa, na watu wakasikia.

Swali la darasa: katika chama chenu cha ushirika, nani hukagua vitabu, na nani husomewa hesabu?