Airfryer na moto wa juu

Ramadhani ikikaribia, masuali ya Airfryer huwa mengi. Tuangalie ilikotoka.

Mwaka 1945 Mmarekani William Maxson alitengeneza oveni ndogo yenye feni, ya kupashia chakula kilichogandishwa ndani ya ndege. Mwaka 2010 kampuni ya Philips ikatoa Airfryer, iliyobuniwa na Mholanzi Fred van der Weij. Ndani yake feni huzungusha hewa ya moto. Kwa hakika haikaangi, inaoka.

Bibi zetu hawakuwa na feni, lakini moto wa pande mbili waliujua: mkate wa kumimina hupaliwa makaa juu na chini, ukaiva bila kuzama mafutani. Basi asiye na mashine asijione amepungukiwa.

Ukinunua, tazama upana wa kikapu. Sambusa zikibanana hewa haipiti, hubaki laini. Zipake mafuta kidogo, uzigeuze. Viazi vya kuchovya kwenye unga wa dengu viache karaini, maana uji wake huchuruzika. Na mafuta yaliyobaki yasituingize katika israfu ya sahani nyingi. Jirani naye anafuturu.