Simba dume chipukizi: Safari ya kutafuta himaya kati ya Nyandarua na Mlima Kenya

KILA baada ya muda, habari huvuma katika vijiji vya Kieni, Kaunti ya Nyeri, kwamba nyayo za simba zimeonekana kando ya shamba la viazi au karibu na zizi la kondoo. Wazazi huwazuia watoto kutoka alfajiri kwenda shuleni, wachungaji hurejesha mifugo nyumbani kabla ya jua kutua, na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huitwa kuja kufuata nyayo hizo. Mara nyingi mnyama mwenyewe haonekani. Huwa ameshapita.

Wa kwanza kushukiwa katika visa vya aina hii huwa ni dume kijana, na shuku hiyo ina msingi. Simba jike aghalabu huishi na kufa katika ardhi aliyozaliwa, akiwa pamoja na mama, dada na shangazi zake. Dume hana bahati hiyo. Afikapo umri wa kati ya miaka miwili na minne, hulazimika kuondoka. Wakati mwingine baba zake ndio wanaomfukuza, na wakati mwingine wageni waliowapindua baba hao. Kutoka hapo huwa hana kwao. Hutangatanga mwaka mmoja, miwili au zaidi, akila anachopata na kukwepa walio na nguvu kumzidi, hadi atakapoweza kunyakua kundi la majike na ardhi yake.

Mengi yanayojulikana kuhusu maisha haya yalitoka Serengeti, nchini Tanzania, ambako utafiti wa simba ulianza mwaka wa 1966 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Huko ilibainika kwamba dume wa pekee ana nafasi finyu mno ya kutawala. Wanaofaulu ni wale waliotoka nyumbani wakiwa wengi, ndugu na binamu waliozaliwa karibu wakati mmoja na kulelewa pamoja. Genge la madume wanne au zaidi karibu kila mara huwa la damu moja. Wawili au watatu, kinyume chake, huenda wakawa ni wageni waliokutana njiani na kufanya mapatano kwa sababu ya upweke.

Dume asiye na himaya hunyamaza. Ngurumo ya simba husikika umbali wa kilomita nane hivi, nayo ni hati ya kumiliki ardhi: mwenye kunguruma anatangaza kwamba hapo pana mwenyewe. Simba wanaosikiliza huweza hata kupima idadi ya wanaonguruma na kuamua iwapo watawakabili au watajitenga. Kijana anayepita katika milki ya wengine hana cha kutangaza, hivyo hutembea kimya. Ndiyo maana mfugaji huweza kukaa wiki nzima na simba jirani pasipo kumsikia hata mara moja.

Siku ya mapinduzi ikifika, wanaoumia zaidi ni wachanga. Madume wapya huua watoto wadogo wa waliowatangulia, na majike waliopoteza watoto huwa tayari kupata mimba nyingine baada ya muda mfupi, ilhali wangaliendelea kulea wangekawia mwaka mmoja na zaidi. Mimba ya simba huchukua takriban siku 110. Wageni hao nao hawana muda wa kupoteza, kwa kuwa utawala wao kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu tu kabla ya genge jingine kubisha hodi. Kwa hesabu hiyo, shibli, yaani mtoto wa simba, huhitaji baba yake abaki madarakani kwa karibu muda wote huo ili afikie umri wa kujitegemea. Dume mmoja akipigwa risasi au akitegewa sumu, hasara haiishii kwake. Watoto wake huachwa bila mlinzi, na aghalabu hawaponi.

Yote hayo hutendeka bila matata pale ambapo ardhi ni pana. Nyeri si hivyo. Mji huo umekaa katikati ya milima miwili, Nyandarua upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki, na kati yake pamejaa mashamba, shule, masoko na barabara kuu ielekeayo Nanyuki. Ukipita Mweiga au Naro Moru kuelekea kaskazini, ardhi hukauka na kufunguka hadi nyanda za Laikipia, ambako ranchi, hifadhi za kibinafsi na ardhi za jamii za wafugaji zimepakana. Dume aliyezaliwa Laikipia ana mahali pa kwenda, japo pana hatari. Anayechukua njia ya kusini hukutana na kahawa, majani chai na watu.

Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, iliyoasisiwa mwaka wa 1950, ilikuwa na simba, na habari zao ni za kutatanisha. Wageni walishambuliwa, na bongo, yule paa adimu wa msituni mwenye mistari myeupe, akawa anapungua. Katika miaka ya 1990 KWS iliamua kuwapunguza simba hao ili kumnusuru bongo na kuwalinda watalii. Uamuzi huo ulizua mjadala, na hata leo si rahisi kusema kwamba ulikuwa na mshindi: bongo wa porini wangali chini ya 100 nchini Kenya, na ujangili na mbwa wa kuwinda pia vimelaumiwa. Ua wa umeme unaozunguka Nyandarua, uliojengwa kwa juhudi za shirika la Rhino Ark pamoja na KWS, ulikamilika mwaka wa 2009 ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400. Umewapa wakulima usingizi. Pia umeufanya mlima huo kuwa kisiwa kwa mnyama yeyote anayetaka kuhama.

Milima hiyo ina kisa kingine ambacho wazee wa mji wa Nyeri bado hukisikia kikitajwa. Mwaka wa 1931 mlowezi mmoja aliwapiga risasi simba wawili wadogo wenye madoadoa mwilini, na uvumi ukaenea kwamba kuna aina ya pekee ya simba wa msituni aitwaye marozi. Mwingereza Kenneth Gandar Dower alifunga safari kumtafuta na mwaka wa 1937 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo, lakini marozi aliye hai hakumpata. Maelezo mepesi ni kwamba watoto wote wa simba huzaliwa na madoa, na wengine huwa nayo bado miguuni na tumboni hata wanapokuwa vijana. Si ajabu kwamba simba wa kufikirika kuliko wote katika eneo hili huenda alikuwa tu kijana aliyepanda mlima kutafuta makao.

Kwa upande wa mashariki, habari za madume chipukizi ziliandikwa mapema kuliko utafiti wa Serengeti. George Adamson, aliyekuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori mjini Isiolo, pamoja na mkewe Joy, walimlea Elsa, simba jike aliyejulikana duniani kote. Wengi humkumbuka Elsa na kuwasahau wanawe. Alizaa watoto watatu Desemba 1959, madume wawili, Jespah na Gopa, na jike mmoja. Elsa alipofariki Januari 1961, walikuwa na umri wa miezi 13 tu, na hawakuwa wamejua kuwinda. Walichokijua karibu ni mbuzi wa wenyeji. Jespah alichomwa mshale, na kichwa chake kikabaki mwilini. Kufikia Mei mwaka huo, ilibidi wote watatu wanaswe na kusafirishwa hadi Serengeti. Adamson na mkewe waliwatafuta huko kwa miezi mingi. Madume hao wawili hawakuonekana tena.

Filamu kuhusu Elsa, iliyotolewa mwaka wa 1966, ilipigiwa karibu na Naro Moru. Ilipokwisha, swali likawa ni wapi pa kuwapeleka simba walioigiza. Adamson aliwachukua kadhaa, wakiwemo madume vijana Boy na Ugas, akawapeleka Meru mwaka wa 1965 kujifunza maisha ya mwituni. Boy aliumia vibaya, akatibiwa, kisha akahamishiwa Kora ng'ambo ya Mto Tana, ambako mwaka wa 1971 alimuua mfanyakazi wa kambi na Adamson akalazimika kumpiga risasi. Katika kambi hiyohiyo aliishi Christian, dume aliyenunuliwa katika duka la Harrods jijini London mwaka wa 1969 na kuletwa Kenya mwaka uliofuata. Madume wa porini walimsumbua kwa muda mrefu, kwa kuwa Kora ilikuwa na wenyewe. Mwaka wa 1973 aliondoka akielekea upande wa Meru na hakurudi. Mamilioni ya watu wameitazama picha yake akiwakumbatia waliomlea. Wachache huuliza alikokwenda baadaye. Huenda alifanya tu kile afanyacho dume yeyote wa umri wake.

Leo ufuatiliaji haufanywi kwa kutembea na bunduki na kuita majina. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Laurence Frank walianza kuwavisha simba wa Laikipia kola za redio, na baadaye zikaja za setilaiti zinazotuma mahali alipo mnyama kila baada ya saa chache. Kola hizo zilifichua tabia ambayo wafugaji waliishuku kitambo: simba wa Laikipia wanawajua wanadamu. Hukaa mbali na maboma watu wakiwa macho na kuyasogelea usiku wa manane, na wanapopita karibu nayo huongeza kasi na kunyoosha mwendo, kama mtu anayevuka mtaa asioupenda. Kwa hivyo simba anaweza kuishi miongoni mwa ng'ombe na wachungaji kwa miaka bila kuonekana.

Kijana, hata hivyo, hukosea. Hajui njia, hana majike wa kumsaidia kuwinda, na amesukumwa pembezoni, mahali ambapo swala ni wachache na mbuzi ni wengi. Akiingia bomani mara moja na kufaulu, atarudi. Majirani wa Laikipia wamejaribu dawa kadhaa. Iliyosifiwa zaidi ni boma la vyuma linalohamishika, linalotumiwa katika hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki na katika ranchi nyingine. Ng'ombe hulala ndani, simba huzunguka nje, na asubuhi kila mmoja hushika njia yake. Boma la matawi ya miiba hufaa pia likisukwa vyema na pakiwa na mlinzi aliye macho. Ubaya wa vyuma ni bei, na mwenye kondoo kumi huko Kieni hawezi kuinunua.

Hapo ndipo sumu huingia. Katika miaka ya 2000, dawa za kuulia wadudu zilizouzwa madukani kwa bei ya chini zilinyunyiziwa mizoga na kuangamiza simba, fisi na tai kwa pamoja. Mwaka wa 2009 KWS ilisema kwamba nchi ilikuwa ikipoteza wastani wa simba 100 kila mwaka. Hesabu ya kitaifa ya mwaka wa 2021 iliwapata simba 2,589.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa jamaa wa mtu aliyeuawa na mnyama, na kiwango cha bei ya soko kwa mifugo. Inataka pia mwenye mifugo awe amechukua hatua za kutosha kuilinda. Sharti hilo lina haki yake, lakini huwa zito kwa maskini, na malalamiko kuhusu malipo yanayocheleweshwa yamekuwa mengi tangu sheria ianze kutumika mwaka wa 2014. Mtu aliyepoteza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa hawezi kusubiri kamati ikutane.

Njia nyingine ni kumwachia kijana mahali pa kupita. Tangu Januari 2011 pamekuwa na kivuko chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, sehemu ya ushoroba wa kilomita 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na hifadhi ya Lewa. Kilijengwa kwa ajili ya ndovu. Huko Ol Pejeta, ua wa kaskazini una mapengo yaliyosimikwa vigingi vifupi karibu karibu, kwa hesabu ya kumzuia faru peke yake. Simba hupenya hapo bila shida, na dume aliyefukuzwa huweza kutoka kuelekea nyanda za kaskazini, na pengine kurudi miaka kadhaa baadaye akiwa na wenzake.

Anayekosa pengo hufanya mambo ya ajabu. Februari 2024, katika Mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda, ndugu wawili, Jacob na Tibu, walinaswa na kamera ya droni wakiogelea usiku kuvuka mfereji wa Kazinga, umbali wa zaidi ya kilomita moja katika maji yenye mamba na viboko. Saa chache kabla walikuwa wameshindwa vita na madume wengine. Jacob alikuwa na miguu mitatu, wa nne ukiwa umekatwa na mtego. Katika mbuga hiyo majike wamekuwa haba kuliko madume, kinyume cha ilivyo kawaida, na watafiti walisema huenda wawili hao walikuwa wakiwatafuta majike ng'ambo ya pili. Mfereji huo una daraja, lakini linalindwa na watu.